Safari ya Binti Yetu Kwenda Kutazama Sanaa ya Ulaya





Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kuhusu jambo ambalo wazazi watatu wameniuliza kwa nyakati mbalimbali, wote kwa sauti ya chini kana kwamba ni siri. Vyuo vya hapa Marekani vina desturi ya kuwapeleka Ulaya wanafunzi wao wa sanaa, wiki nne au tano wakati wa kiangazi, wakayatazame kwa macho yao yale waliyoyaona vitabuni tu. Hulala hosteli, hupanda treni kutoka mji hadi mji, huingia majumba ya makumbusho na makanisa, huchora, huandika, na warudipo hupata alama zinazohesabiwa katika shahada zao. Wazazi hao waliniuliza swali moja: binti wa Kiislamu ana haja gani na safari ya namna hiyo? Waliniuliza mimi kwa sababu wanajua kwamba nilikwenda. Sikwenda kama mwanafunzi, kwani nina umri wa miaka 66. Nilikwenda kama shangazi.

Ndugu yangu mdogo, ambaye nyumba yake haiko mbali na yangu, ana binti anayesomea sanaa na historia ya sanaa. Hakuufurahia uchaguzi huo tangu mwanzo. Yeye alitaka mtoto awe mfamasia, na aliposikia neno sanaa alidhani ni mchezo wa muhula mmoja utakaopita. Haukupita. Karatasi ya safari ya mwaka 2024 ilipofika, aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani, akasema hapana. Alikuwa na sababu zake, na sitaki msomaji azidharau: sanamu zilizo uchi, makanisa kila siku, na binti wa miaka ishirini kulala ugenini bila ya mtu wake. Akanikumbusha pia hadithi tunazozijua sote juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe.

Mtoto hakujibizana na baba yake. Alikuja kwangu. Akanieleza kwamba safari ile ni sehemu ya masomo, na asiyekwenda hana budi kusoma masomo mengine mawili badala yake na kuchelewa muhula mzima, na muhula, kama mjuavyo, haulipiwi kwa dua. Lakini nilimwona usoni kwamba fedha siyo iliyokuwa ikimliza. Alisema, "Shangazi, wenzangu wote wanazungumza juu ya vitu hivi kama vya babu zao. Mimi nakaa darasani kama mgeni aliyekaribishwa chai."

Maneno hayo yalinikaa. Nilifundisha historia Mombasa kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo niliwasomesha watoto wa watu habari za Florence na Venice bila ya kutia mguu huko. Nikamwambia ndugu yangu: ikiwa tatizo ni mtu wake, basi mtu wake ni mimi, na nauli yangu nitajilipia. Tukaenda pamoja kwa imamu wa msikiti wetu. Yeye alitenganisha mambo mawili: kutazama kitu ili kukijua, na kukitukuza, la pili halina ruhusa, la kwanza lina nafasi. Ama kuhusu kuchora sura za watu, akasema wanazuoni wana kauli zao, na binti ajiwekee mpaka anaoweza kuutetea. Ndugu yangu alinyamaza njia nzima tukirudi. Tulipofika mlangoni akasema, "Haya, Dada. Lakini nipigie simu kila usiku."

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mwenye subira na miguu isiyochoka. Sharti lake lilikuwa moja, nami nililipenda kwa sababu ni sharti la mwalimu wa kweli: kila siku mwanafunzi achague kitu kimoja, akae mbele yake saa nzima kwa saa, kisha akichore. Binti yetu alimweleza mapema kwamba hatachora nyuso wala miili mitupu. Mwalimu akamjibu kwamba anaweza kuchora hata msumari uliolishika pambo ukutani, mradi saa yake itimie.

Tulianzia Roma, mwezi wa Mei. Juu ya chakula sitasema mengi. Samaki wapo, mboga zipo, na mwenye kuuliza kabla ya kula hapotei. Tuliswali hosteli, tuliswali bustanini, na Ijumaa tulikwenda kwenye msikiti mkubwa wa Roma uliofunguliwa mwaka 1995, ambao nguzo zake hugawanyika juu kama makuti ya mnazi. Nilibeba pia kikopo cha plastiki ndani ya mkoba wangu, na kina mama wanajua ni cha nini.

Vatikani ilinifundisha jambo la kwanza. Mlangoni wanawake wengi walikuwa wakizuiwa kwa mabega wazi na magoti wazi, wakikimbilia kwa wachuuzi kununua mitandio ya kujitanda. Mimi na buibui langu, na mtoto na mtandio wake, mlinzi alitutazama, akatabasamu, akatupisha. Tuliingia mbele ya wenye mji.

Ndani ya kanisa dogo la Sistina, ukuta wote wa nyuma ya madhabahu umechorwa Siku ya Hukumu. Michelangelo aliichora tangu 1536 hadi 1541, watu mamia wakipanda na kushuka, na karibu wote aliwachora uchi. Wengi kati yetu hudhani kwamba kero ya uchi huo ni kero yetu sisi peke yetu. Sivyo. Picha ile ilizua ugomvi miongoni mwa Wakristo wenyewe hata kabla haijamalizika, na mwaka 1565 alipewa kazi mchoraji mwingine, Daniele da Volterra, ya kuwachorea vitambaa waliokuwa hawana. Watu wa Roma wakamwita fundi wa suruali, na jina likamganda hata baada ya kufa kwake. Picha iliposafishwa, kazi iliyokwisha mwaka 1994, baadhi ya nguo hizo ziliondolewa na nyingine zikaachwa. Nilimsimulia ndugu yangu habari hii kwa simu usiku ule. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke.

Florence ndipo tulipokaa siku nyingi zaidi, na ndipo palipokuwa na kile alichokiogopa. Sanamu ya Daudi, aliyoichonga Michelangelo kati ya 1501 na 1504, ina urefu wa mita 5 na sentimita 17, marumaru nyeupe, nayo haina uzi mwilini. Kwa wenyeji ni kijana shujaa wa mji wao. Kwetu sisi huyu ni Nabii Daudi, alayhi salaam, mwana wa vita vya Jaluti, ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akafuma deraya kwa mikono yake. Sikupenda kumwona vile, na mpaka leo sipendi. Nilimwambia mwalimu hivyo waziwazi. Hakukasirika. Aliwaita wanafunzi wake kumi na wanne, akaniomba niwasimulie Daudi tunayemjua sisi. Basi nikasimama pale, mbele ya watalii wa dunia nzima, nikasomesha. Nilikuwa sijasomesha kwa miaka sita, na sauti ilikuwepo bado.

Mtoto alikuwa amekaa sakafuni akisikiliza. Aliponyanyuka alikwenda upande wa kulia wa sanamu, akaanza saa yake. Alichokichora ni mkono wa kulia peke yake, ule uliolegea ubavuni. Ni mkono mkubwa kuliko unavyostahili mwili ule, na mishipa yake imetuna kama ya mtu aliyetoka kazini. Jiwe lenyewe lilikuwa limekwisha chezewa na mafundi wengine na kutelekezwa kwa miongo kadhaa kabla halijafika kwa kijana wa miaka ishirini na sita. Mtoto aliniambia, "Shangazi, huu ni mkono wa mfuma deraya." Michelangelo hakulikusudia hilo, lakini mchoro ulikuwa wa haki, na nguo hakuzihitaji.

Siku mbili baadaye, katika jumba la Uffizi, alinivuta mkono mbele ya picha kubwa yenye dhahabu nyingi. Aliichora Gentile da Fabriano mwaka 1423, kwa amri ya Palla Strozzi, tajiri wa mji, na inaonyesha wafalme wakija kumzuru Nabii Isa akiwa mchanga mapajani mwa Bibi Maryamu. Wachoraji wa zama zile walikuwa na mtindo wa kuwawekea watukufu duara la dhahabu nyuma ya kichwa. Laiti kurasa zetu hizi za fotokopi zingeweza kuwaonyesha duara la Bibi Maryamu! Limegawanywa kwa maua madogo, na baina ya maua mna maandishi. Nilivaa miwani. Yalikuwa herufi za Kiarabu, au kitu kilichofanana nazo kama ndugu wa baba mmoja.

Mtoto alimpelekea baba yake picha kwa simu. Haikupita robo saa akanipigia mimi.

"Dada, nimeikuza mpaka macho yanauma. Naona alifu, naona lamu, halafu inapotea. Pameandikwa nini?"

"Hapakuandikwa kitu."

"Vipi hapakuandikwa kitu? Mbona naiona lamu!"

Nikamweleza. Sahani za shaba na vitambaa vya hariri vilikuwa vikiuzwa Italia kutoka Misri na Sham, nchi za Wamamluki, na vilikuwa na maandishi ya Kiarabu pembezoni. Kwa macho ya watu wa Florence, herufi hizo zilikuwa alama ya kitu kitukufu kutoka mashariki, karibu na nchi ya Mitume. Mchoraji hakujua kusoma hata moja. Aliiga umbo lake. Alipotaka kumpamba Bibi Maryamu kwa pambo bora kuliko yote aliyoyajua, alichukua sahani ya Waislamu akamwekea nyuma ya kichwa. Ndugu yangu alitulia. Kisha akasema kwamba ataijaribu tena kesho kwa mwangaza wa jua, kwani ile ya tatu kutoka juu anaiona wazi kuwa ni haa.

Venice tulikaa siku tatu, na mbili kati yake ilinyesha. Nitataja vitu viwili. Cha kwanza sikukiona kule, bali nilikikumbuka kwa sababu ya ndugu yangu na hadithi zake za sura. Sultani Mehmed wa Pili, yuleyule aliyeifungua Konstantinopoli mwaka 1453, alipofanya amani na Venice mwaka 1479 aliomba apelekewe mchoraji hodari. Akapelekewa Gentile Bellini, akamchora Sultani uso wake. Picha hiyo ya mwaka 1480 ni mali ya National Gallery ya London. Siseme kwamba kitendo cha sultani ni fatwa. Nasema tu kwamba mjadala huu umekaa ndani ya nyumba yetu wenyewe tangu zamani, na waliokuwemo humo hawakuwa wajinga.

Cha pili kimo ndani ya hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko. Ni birika la bilauri, yaani lile jiwe lenyewe linaloona ng'ambo kama maji, limechongwa kutoka jiwe moja pamoja na mkono wake, na ubavuni mna simba wawili. Jina lililochongwa juu yake ni la Al-Aziz Billah, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri kuanzia 975 hadi 996. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa wa karne ya kumi na moja, aliandika kwamba mawe ya bilauri yalikuwa yakiletwa Basra kutoka visiwa vya Zanji. Zanji, ndugu wasomaji, ni pwani yetu sisi. Na neno letu la bilauri, ambalo nyumbani ni gilasi ya kunywea maji, asili yake ni jina la Kiarabu la jiwe lilelile. Mtoto alikuwa amelitamka neno hilo maisha yake yote jikoni kwa mama yake. Alilirudia pale mbele ya kioo mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mabadiliko. Mpaka Florence alikuwa akichora haraka, akitazama daftari za wenzake. Kutoka Venice akawa anachelewa. Wenzake walikwisha maliza, wakavaa mikoba, yeye bado amekaa.

Paris tulikaa siku sita. Juu ya ile picha mashuhuri ya mwanamke anayetabasamu, ambayo ina urefu wa sentimita 77 tu, nimeona zaidi visogo vya watu na simu zao kuliko yeye mwenyewe. Mwenye kuitaka na aende, mimi nimetosheka. Jumba la Louvre ni kubwa mno, na miguu ya mtu wa umri wangu lazima ichague.

Tulichagua kwanza sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, ya Bibi Maryamu na mwanawe, iliyotoka katika kanisa la wafalme wa Ufaransa liitwalo Sainte-Chapelle. Ilichongwa kati ya miaka ya 1260 na 1270, na ina urefu wa sentimita 41. Pembe ya kutoa kipande kama kile si ya ndovu mdogo. Mwenye kusomesha historia ya pwani hawezi kusimama mbele yake asifikirie Kilwa. Al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, alikwisha andika kwamba pembe za nchi ya Zanji hupelekwa Oman na kutoka huko kuvuka hadi India na China. Wapo wanahistoria wa biashara hiyo wanaoona kwamba katika karne ya kumi na tatu, mafundi wa Paris walipoanza ghafla kupata pembe kubwa kwa wingi, sehemu kubwa yake ilitoka kwa ndovu wa nyika za Afrika, na njia mojawapo ilikuwa kupitia bandari zetu, Bahari ya Shamu na Misri, mikononi mwa wafanyabiashara Waislamu, mpaka ikafika meli za Italia. Sanamu nyingi za namna hii huinama kidogo ubavuni. Wengine husema ni madaha ya mtindo wa zama zile, wengine husema fundi alifuata mpindo wa pembe. Nilimwambia mtoto: hapo ndipo ndovu alipokataa kusahauliwa. Aliandika maneno hayo pembezoni mwa daftari lake, nami nikaona haya kidogo, maana nilikuwa natania.

Kisha tukashuka kwenye vyumba vya sanaa ya Kiislamu, vilivyofunguliwa mwaka 2012 chini ya paa lililojikunjakunja kama zulia lililopeperushwa na upepo. Humo mna tasa kubwa la shaba lililotiwa nakshi ya fedha na dhahabu, wapanda farasi, wawindaji, wanyama wakikimbizana pande zote. Wafaransa huliita kwa jina la mfalme wao Louis wa Tisa, yule aliyevamia Misri na kutekwa huko mwaka 1250. Jina si la haki, maana mfalme huyo alikufa mwaka 1270, na tasa lilitengenezwa Misri au Sham baina ya 1320 na 1340. Kwa kulinganisha, Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Lilifika Ufaransa kwa njia zake, na watoto wa wafalme wakawa wanabatizwa ndani yake. Mwaka 1606 alibatizwa humo Louis wa Kumi na Tatu.

Mwalimu aliwakusanya wanafunzi akawaeleza kwamba fundi wa tasa lile hakulitia sahihi mara moja, bali mara sita, jambo ambalo ni nadra. Akasema kwa uaminifu kwamba yeye hajui Kiarabu, lakini ameambiwa sahihi mojawapo iko chini ya ukingo.

Binti yetu alichutama mbele ya kioo. Niseme hapa kwamba mtoto huyu, tangu umri wa miaka sita hadi kumi na nne, alipelekwa chuo cha Qur'ani kila Jumamosi asubuhi, na Jumamosi nyingi alikwenda akinuna. Wenzake wa Kimarekani walikuwa wakitazama katuni. Yeye alikuwa na juzuu na maalim mkali. Mimi mwenyewe nilimsikia akimwuliza baba yake, zaidi ya mara moja, itamfaa nini kusoma herufi za lugha ambayo haisemi.

Alikaa pale chini kwa muda. Kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya kioo kutoka kulia kwenda kushoto. Wenzake walinyamaza. Kisha akaanza kuhiji kwa sauti ndogo, kichuo chuo, mim, haa, mim, dali. Akarudi nyuma, akaunganisha, akatamka jina zima: Muhammad ibn az-Zain. Na kabla ya jina, neno ambalo hakuhitaji kutafsiriwa, kwa kuwa tunalo sisi hadi leo: maalim. Fundi yule alijiita maalim, na mwishoni mwa jina lake akajiombea maghufira. Mwalimu wao aliuliza, "Umeisoma?" Mtoto akasema, "Ameniandikia wazi." Sijui kwa nini alisema ameniandikia. Lakini ndivyo alivyosema.

Usiku nilimpigia ndugu yangu. Nilimsimulia yote, na tasa, na kioo, na herufi moja moja. Hakunikatiza, jambo lisilo la kawaida yake. Nilipomaliza akawa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

Kisha akauliza, "Alisoma bila ya irabu?"

"Bila ya irabu."

"Haya," akasema. "Haya. Mwambie alale, amechoka."

Tangu aliporudi amejiandikisha darasa la Kiarabu hapo chuoni kwake, na anasema akimaliza shahada anataka kujifunza uhifadhi wa vitu vya kale, kazi ya kusafisha na kutengeneza vilivyoharibika ili visipotee. Ni miaka mingine miwili au mitatu, na ni fedha nyingine. Baba yake hajakubali wala hajakataa. Neno ufamasia, hata hivyo, silisikii tena katika nyumba ile. Mkono wa Daudi bado umo daftarini. Ukutani hajautundika, na binti hajamwomba autundike.

Nimebakiza London, mji ambao wengi wenu mmepita. Katika jumba la Victoria and Albert mna nakala ya plasta ya sanamu ileile ya Daudi, yenye kimo kilekile, ambayo Malkia Victoria alizawadiwa mwaka 1857. Nyuma yake, ndani ya kisanduku cha kioo, limewekwa jani la plasta la urefu kama nusu mita. Inasimuliwa kwamba Malkia alipoiona sanamu alishtuka, likatengenezwa jani hilo, likawa linatundikwa kwa kulabu mbili kila wageni wa kifalme wanapotembelea jumba. Nililipiga picha nikampelekea ndugu yangu bila ya maelezo. Alijibu kwa neno moja: "Alhamdulillahi."

Saa ya mwisho ya safari mtoto aliichagua mwenyewe, katika jumba hilohilo. Ni zulia la Ardabil, lililofumwa Uajemi, na tarehe yake imefumwa ndani yake pamoja na jina la Maqsud wa Kashan: mwaka 946 wa Hijra, yaani 1539 au 1540. Lina urefu wa zaidi ya mita kumi na upana wa zaidi ya tano. Jumba lililinunua mwaka 1893 kwa pauni 2,000, baada ya William Morris, fundi mashuhuri wa nakshi, kulikagua na kulisifu. Hakuna sura ya mtu ndani yake. Ni maua, mizabibu, jua kubwa katikati na taa mbili za msikitini zikining'inia, moja kila upande. Wamelilaza sakafuni ndani ya chumba cha kioo, na ili rangi zake zisififie huliwashia taa dakika kumi tu katika kila nusu saa.

Kwa hiyo saa yake moja ilimchukua asubuhi nzima. Taa zikiwaka anachora, zikizimika anangoja, penseli mkononi, gizani nusu. Wenzake walikwenda kununua zawadi. Mimi nilikaa pembeni na tasbihi yangu, miguu imenivimba, tiketi za kurudi ndani ya mkoba. Mara ya tatu taa zilipowaka aliniita nikatazame: taa mbili za kwenye zulia hazilingani, moja ni kubwa kuliko nyenzake. Nilikuwa nimelitazama zulia lile tangu asubuhi sikuliona hilo. Nikamwuliza ni kwa nini. Akasema vitabu vina maelezo mawili na hakuna linalomtosheleza, na kwamba anataka kuihesabu kwanza ile ndogo, fundo kwa fundo kadiri macho yatakavyofika. Taa zikazimika. Akafungua ukurasa mpya, tukangoja.